Je, Kila Kitenzi cha Kuamuru ni Amri ya Mungu?
Namna Wanazuoni wa Kiislamu Wanavyotambua Agizo la Mungu

(Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia)





Mada niliyokabidhiwa haihusu mafundisho yetu sisi, bali ya jirani zetu, na kwa sababu hiyo inadai uangalifu wa pekee. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliwataka Wakristo na Waislamu wajitahidi kwa moyo kuelewana. Kuelewana si kukubaliana katika kila jambo. Lakini hakuwezekani iwapo mmoja anamsemea mwenzake jambo ambalo huyo mwenzake hajawahi kulisema.

Tangu miaka ya 1980, katika miji yetu mingi ilienea mihadhara ya hadharani ambamo wahubiri wa Kiislamu walinukuu Biblia, nao wahubiri wa Kikristo wakanukuu Kurani. Silaha ya pande zote mbili ilikuwa ileile: aya moja, katika tafsiri ya Kiswahili, yenye kitenzi cha kuamuru. Msemaji huinua kitabu, husoma, kisha hudai kwamba Mungu wa watu wale amewaamuru kutenda hivi na hivi. Watu hupiga makofi, na jioni majirani hawaamkiani. Nataka kuonyesha kwamba hatua hiyo, ya kutoka kwenye kitenzi hadi kwenye amri, ndiyo hasa ambayo wanazuoni wa Kiislamu wamekataa kuiruka kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Wanayo elimu mahususi kwa kazi hiyo. Huitwa usuli al-fiqhi, yaani misingi ya elimu ya sheria. Katika historia yake hutajwa kwanza Imamu Shafii, aliyezaliwa Gaza mwaka 767 na kufariki Misri mwaka 820, kwa kitabu chake kiitwacho Risala. Waislamu wengi wa Kisuni wa pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, hufuata madhehebu yake. Swali la elimu hiyo ni hili: Mungu amesema, je, kutokana na usemi huo ananidai nini mimi?

Tuanze na kitenzi chenyewe. Sura ya 62 ya Kurani inawaambia waumini kwamba Sala ya Ijumaa ikimalizika watawanyike katika nchi na kutafuta fadhila za Mungu. Kwa sarufi, hiyo ni amri. Hata hivyo, kwa wanazuoni walio wengi, Mwislamu anayebaki msikitini baada ya sala hatendi dhambi. Maneno hayo yanampa ruhusa ya kurudi kazini, kwa kuwa aya iliyotangulia ilimtaka aache biashara. Sura ya 5 inawaambia mahujaji wakishatoka katika ihramu wawinde. Nayo ni ruhusa, maana kabla ya hapo walizuiwa kuwinda. Katika Sura ya 41 wale wanaozipotosha aya za Mungu wanaambiwa watende wapendavyo. Je, hiyo ni ruhusa? La hasha, ni tishio, mithili ya mama anayemwambia mtoto mkaidi: "Haya, endelea!"

Kwa hiyo wanazuoni wengi walisema kwamba kitenzi cha kuamuru kwa asili yake huleta wajibu, lakini huweza kugeuzwa na karina, yaani dalili inayoambatana nacho. Wengine, akiwamo Ghazali aliyefariki mwaka 1111, walikuwa waangalifu zaidi: walitaka msomaji asite mpaka dalili imwonyeshe maana iliyokusudiwa. Nao hawakutosheka na "fanya" na "usifanye", bali waliyapanga matendo ya mwanadamu katika ngazi tano ambazo Waswahili wote wanazijua kwa majina, ingawa si wote wajuao asili yake: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Jambo linaweza kupendekezwa na Mungu bila kulazimishwa, na linaweza kuchukiza bila kuwa dhambi.

Mfano mkubwa ni aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Sura ya 2. Inaagiza watu wanaokopeshana kwa muda maalumu waandikishiane deni hilo. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, alishikilia kwamba kuandika ni wajibu, kwa kuwa Mungu amesema "andikeni". Walio wengi wakajibu: soma aya inayofuata, ambayo inawaachia watu wanaoaminiana wasiandikishiane, mradi aliyeaminiwa arudishe amana. Wakahukumu kwamba kuandika ni jambo lililopendekezwa tu. Mimi, kwa jinsi ninavyoona kesi za madeni zinazoletwa kwenye kamati zetu za parokia, ningetamani Ibn Hazm angeshinda. Lakini hilo ni la pembeni.

Si la pembeni suala la mtumwa. Aya ya 33 ya Sura ya 24 inaagiza kwamba watumwa wanaotaka hati ya kujikomboa kwa kulipa fedha kidogo kidogo waandikiwe hati hiyo, iwapo mabwana wao wanaona wema ndani yao. Mapatano hayo huitwa mukataba. Neno letu "mkataba" ni la ukoo huohuo. Imepokewa kwamba mtumwa aitwaye Sirin alimwomba bwana wake, Anas bin Malik, ambaye ni sahaba mashuhuri wa Mtume Muhammad, amwandikie hati hiyo, naye Anas akakataa. Sirin alikwenda kwa Khalifa Umar. Umar alimtaka Anas aandike. Alipozidi kukataa, akampiga kiboko huku akimsomea aya hiyo, ndipo Anas akaandika. Pamoja na hayo, wanazuoni walio wengi baadaye walihukumu kwamba kuandika hati hiyo kwapendekezwa tu, kwa sababu mali ya mtu haitolewi bila ridhaa yake, na kwa sababu kuujua huo "wema" kumeachwa kwa bwana.

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapoona kwamba hoja ya sarufi si mchezo wa wasomi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika visiwa na mwambao ambamo maelfu ya watu walikuwa mali ya watu wengine, tofauti kati ya "lazimu" na "yapendekezwa" ilikuwa ni maisha mazima ya mtu. Binafsi naona kwamba kiboko cha Umar kilikuwa na fikihi bora kuliko ya waliomfuata. Lakini Mkristo asikimbilie kunyosha kidole. Fungueni Waraka kwa Filemoni, aya ya 8 na ya 9: Mtume Paulo anasema kwamba angeweza kumwamuru Filemoni kuhusu Onesimo mtumwa wake, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kumsihi. Swali ni lilelile, na Wakristo wenye watumwa walijificha nyuma ya kusihi huko kwa karne nyingi.

Je, hitilafu hizi za tafsiri zilianza na wasomi wa baadaye? Masimulizi yanayopokewa kwa heshima kubwa, yaliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, yanasema zilianza Mtume wao akiwa hai. Mwaka 627 aliwatuma wafuasi wake kwenye makazi ya ukoo wa Qurayza, akiwaambia kwamba mtu yeyote asisali Alasiri ila huko. Wakiwa njiani, wakati wa sala ukakaribia kwisha. Baadhi wakasema: alikusudia tufanye haraka, hakukusudia tuipoteze sala, wakasali palepale. Wengine wakashika neno kama lilivyotamkwa, wakachelewa. Mtume alipoelezwa, hakulilaumu kundi lolote. Kisa hiki hutajwa na wote wawili, wale wanaofuata herufi na wale wanaofuata makusudi ya maneno, na kila upande hukiona kuwa chake. (Yaliyowapata watu wa Qurayza wenyewe baadaye ni habari nzito, inayostahili mada yake.)

Swali la pili ni la uthibitisho: nitajuaje kwamba agizo hili limetoka kwa Mungu kweli? Kurani kwa Waislamu haina shaka, kwa sababu imepokewa na umati kutoka kwa umati. Hadithi za Mtume, kinyume chake, nyingi zimepitia kwa mpokezi mmoja mmoja, na kila mpokezi huchunguzwa uaminifu na kumbukumbu yake. Wafuasi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, walikwenda mbali zaidi. Walitenga "faradhi", iliyothibitishwa kwa dalili ya yakini, na "wajibu", uliothibitishwa kwa dalili yenye nguvu lakini isiyo ya yakini. Ndiyo maana sala ya witri ni wajibu kwao, na kwa wafuasi wa Shafii ni sunna. Ndoto ya mtu wa kawaida, hata angemwona malaika, haiwekwi kuwa dalili ya sheria. Nabii Ibrahimu aliagizwa katika ndoto amchinje mwanawe, lakini hilo, wanasema, ni kwa sababu ndoto ya nabii ni ufunuo.

Kuhusu msingi wa amri zenyewe nitasema kwa kifupi, ingawa waliosoma seminari wangependa nikae hapo mchana kutwa. Watu wa Mutazila walifundisha kwamba akili inaweza kujua kuwa dhuluma ni mbaya hata kabla ya kitabu kuteremka. Wafuasi wa Ashari, aliyefariki karibu na mwaka 936, walifundisha kwamba tendo ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru. Nasi tulikuwa na ugomvi uleule kati ya wafuasi wa Mtakatifu Toma wa Akwino na wale wa Ockham. Mimi ni mwanafunzi wa Toma, na fundisho la Ashari linanitisha. Hata hivyo, ni Ghazali, mtu wa upande huo wa Ashari, aliyeandika kwamba sheria ya Mungu ina makusudi, nayo ni kulinda mambo matano: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Inasimuliwa pia kwamba Khalifa Umar alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi katika mwaka wa njaa. Aya ilikuwepo, na kitenzi chake kilikuwa cha kuamuru.

Sasa tuifikie aya ya 5 ya Sura ya 9, ile inayoagiza kupigana na washirikina, na ambayo baadhi ya wahubiri wetu wameikariri kuliko Amri Kumi. Aya ya 4 inawatoa wale waliotunza mapatano yao. Aya ya 6 inaagiza kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa usalama. Aya ya 13 inawataja waliovunja viapo na kuanza ugomvi. Wafasiri wengi wanasema aya inahusu washirikina mahususi wa Uarabuni. Na tusidanganyane: wapo wafasiri wa kale waliosema kwamba aya hiyo imefuta aya nyingi za uvumilivu, na Shafii mwenyewe katika jambo hili alikuwa mkali kuliko Abu Hanifa. Lakini hata mkali wao hakumkabidhi mtu wa mtaani amri ya vita; waliiweka mikononi mwa mtawala.

Swali hili la nani mwenye mamlaka ya kutekeleza liligusa Dar es Salaam mwezi Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yaliposhambuliwa. Nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, na hakuna madhehebu yanayobisha. Lakini uharamu huo unamhusu nani? Wanazuoni wa Kihanafi waliandika tangu kale kwamba Mwislamu akiharibu nguruwe wa Mkristo anayeishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu, ni lazima amlipe fidia, kwa kuwa kwa huyo Mkristo ni mali halali. Washafii hawakukubaliana nao juu ya fidia. Mnaona basi kwamba hata jambo lililo wazi kama nguruwe linahitaji mwanachuoni.

Neno la mwisho ni juu ya tafsiri. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilikuwa kazi ya padre Mwanglikana, Godfrey Dale. Waislamu hawakuiamini, na sababu mnaweza kuikisia. Ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Unguja, ya mwaka 1969, ina maelezo mengi chini ya aya. Anayetaka kujua aya inadai nini aanzie kwenye maelezo hayo, kisha aende kumwuliza sheikh aliyesoma. Mchana katika vikundi mtapewa aya tatu kutoka Kurani na tatu kutoka Biblia, mojawapo ikiwa ile ya Luka 22:36 ya kuuza vazi na kununua upanga. Kwa kila moja jibuni: nani anaambiwa, ni lazima au ni pendekezo, na ni nani mwenye haki ya kuitekeleza. Waislamu wawili walioalikwa watakaa nanyi, nao wataanza na aya za Biblia.