Watoto wa Reli na Maji ya Mida

(Maneno yaliyonenwa na mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi, Changamwe)



Nimepewa nafasi ya kunena juu ya lile ombi lililoandikwa mwisho kabisa katika karatasi ya mkutano, yaani ombi la kutenga fedha za mfuko wa ustawi ili watoto wetu 30 wapelekwe kambini Mida kwa siku 5 katika likizo ya Desemba. Najua wengi wenu mlipolisoma mlicheka. Ndugu mmoja aliniambia hapo mlangoni, "Sisi twadai posho ya nyumba, nawe wadai mahema!" Basi nisikilizeni kwanza, kisha pigeni kura mpendavyo.

Mimi nilizaliwa karibu na Gede. Mwanangu amezaliwa hapa Changamwe. Mwaka juzi, alipokuwa na miaka 11, nilimpeleka kwa bibi yake. Siku ya tatu alifuatana na binamu zake kwenda Mida kutafuta kaa. Maji yalikuwa yamekupwa, ni mchanga na matope mpaka mbali. Wenzake walipoona vijito vinaanza kujaa walimwita. Yeye akatazama mbele, akaona bahari ingali mbali, akaendelea. Hakujua kwamba maji ya Mida hayaji kwa mbele tu, kama mgeni ajaye njiani. Huingia kwanza kwa mikondo iliyo nyuma yako, nawe ukigeuka umekwisha kuzungukwa. Naye hakujua kuogelea. Alipanda juu ya mkoko akakaa hapo mpaka usiku, mjomba wake alipomfikia kwa mtumbwi. Yule binamu aliyemwita ni mtoto wa miaka 7.

Sikumpiga. Ningempiga kwa kosa la nani? Mimi ndiye niliyekulia kando ya maji hayo, nikaja mjini kutafuta kazi, nikamfundisha mwanangu kutovuka reli kabla ya kutazama pande zote mbili, lakini habari za maji sikumfundisha hata neno moja. Nikaanza kuwauliza ninyi wenzangu, na wengi mliniambia yale yale: watoto wenu hawajui kuogelea, na bahari huiona kwa dirisha la matatu.

Msidhani kambi za watoto ni jambo geni la matajiri. Huko Marekani, mwaka 1861, mwalimu mmoja aitwaye Frederick Gunn alitoka na wanafunzi wake kwa miguu mpaka pwani, wakapiga kambi majuma mawili, wakavua samaki na kuendesha mashua. Baden-Powell aliwakusanya vijana kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na katika wavulana hao walikuwamo wana wa wakubwa na wana wa wafanyakazi pamoja. Mzee huyo kaburi lake liko Nyeri, alifariki mwaka 1941. Na hapa Kenya, mwaka 1968, vilianzishwa vyama vya wanafunzi vya wanyamapori, na mwaka huo huo bahari ya Malindi na ya Watamu ikawekwa kuwa hifadhi ya taifa.

Lakini wenzetu wa ng'ambo hufanya kambi zao wakati wa kiangazi chao, na wengine hapa huwaiga wakachagua Agosti. Kwetu Agosti kusi ingali inavuma, bahari ya nje ina mawimbi na maji yake ni machafu. Desemba ni kaskazi. Maji yametulia, mtoto aona matumbawe na samaki waziwazi. Tena ndege wa mbali wamekwisha kuwasili Mida, wengine wamezaliwa Siberia huko kwenye barafu, nao husimama matopeni wakila kwa maelfu. Mtu wa reli asiyestaajabia safari hiyo, isiyo na stesheni wala injini, simwelewi.

Jambo la kwanza watakalofundishwa ni ratiba ya maji. Ninyi mnajua ratiba! Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. (Sisi tukichelewa hivyo twaandikiwa barua.) Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda sana na kushuka sana, katikati yake ni maji mafu. Mtoto akiyashika hayo, atazame mwezi usiku naye ajue kesho aende wapi na arudi saa ngapi. Halafu wataonyeshwa mikoko yenye mizizi kama miguu ya buibui, na mchu ambao mizizi yake hutokeza matopeni kama penseli ili ipate hewa. Siku mbili ni za msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, uliobaki mkubwa kuliko yote ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo yumo sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na yumo bundi mdogo ambaye nje ya msitu huo hupatikana mahali pachache tu, kama upande wa milima ya Usambara. Mimi nilizaliwa karibu hapo, na bundi huyo nilikuwa sijapata kumwona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mzee wetu mmoja mstaafu amenipinga kwa maneno mazito. Alisema, "Baba yangu alinitoa porini kwa fimbo ili nisome. Leo wataka nilipe fedha mjukuu wangu arudi kulala chini?" Mzee, una haki. Lakini wewe uliyetolewa kwa fimbo wajua mti upi ni dawa na upi ni sumu. Mjukuu wako ajua nini? Na watoto wa vijiji vilivyo kando ya msitu hawakuachwa porini wasisome: tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya huwasaidia karo za sekondari, na sehemu ya fedha hizo hutokana na wageni wanaolipa kupita juu ya daraja la mbao pale Mida. Na Gede, tangu mwaka 1993, wakulima hufuga vipepeo na kuuza buu zao ng'ambo. Msitu huwasomesha wenziwe wakiulinda.

Sasa gharama. Niliuliza katika kambi moja ya huko pwani, sitaitaja. Ada ya mtoto mmoja kwa siku 5 ilipita nusu ya mshahara wangu. Kwa hiyo tufanye yetu. Reli haifiki Kilifi wala Malindi, tutakodi basi. Hema tutaazima, chakula ni samaki, wali na muhogo wa pale pale. Penye jambo moja nitakuwa mkali: waongozaji wa kijijini, wapishi na wenye mitumbwi walipwe kwa mapatano yaliyoandikwa, na kulipwa siku ile ile. Chama cha wafanyakazi kikiwafanyisha watu kazi kwa ahsante, na kifunge milango. Tena wasichana waende sawa na wavulana, pamoja na kina mama wawili wa kuwaangalia. Mtoto haingii majini pasipo jaketi ya kuelea na muogeleaji mkubwa aliye karibu. Ruhusa ya hifadhi na ya msitu tuiombe mapema, na viingilio tuvilipe.

Daftari liko kwa karani, mezani pale. Andikeni jina la mtoto, umri wake, na kama ajua kuogelea au hajui. Nawaomba sana msiandike "ajua" kwa aibu. Mwanangu ni wa kwanza katika ukurasa ule, na mbele ya jina lake nimeandika: hajui.