Mbwa Aliyefiwa na Mwenzake

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia



Tumezoea kukutana kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, kuku, na mikopo ya kikundi. Leo tunaomba nafasi tuongee juu ya mbwa. Tunajua wengine watacheka. Lakini hao mbuzi na kuku, nani huwalinda usiku? Si mbwa? Basi mlinzi akipatwa na jambo, boma zima limepatwa na jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Boma lina mbwa wawili, tuseme Simba na Tomi. Wamekua pamoja, wanalala kwa gunia moja, wakisikia mgeni wanabweka wote. Siku moja Simba anakufa. Tomi anaanza kukataa chakula. Anazunguka akinusa pale walipolala. Usiku anatoa kilio kirefu. Hapo maneno yanaanza: ati anaita kifo, ati ni ishara mbaya, boma hili litafiwa. Mmoja anamtupia jiwe, mwingine anasema afukuzwe kabisa.

Tuseme wazi. Tomi hamwiti mtu kaburini. Kifo kimekwisha kuja, na aliyekufa ni mwenzake. Tena tukimfukuza, tunajiumiza wenyewe. Mlinzi tumempoteza, na barabarani tumeongeza mbwa koko ambaye atakutana na mbwa wagonjwa na kuwaletea watoto wetu hatari.

Huzuni ya mbwa si hadithi ya kubuni. Huko Italia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Milano waliwauliza watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja, na mmoja akafa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2022. Katika kila watu 100, watu 86 walisema mbwa aliyebaki alibadilika. Watu 67 walisema alitaka kuwa karibu nao zaidi, 57 walisema alipunguza kucheza, 32 walisema alikula kidogo, na 30 walisema alilia au kubweka zaidi. Kwa karibu robo yao, hali hiyo ilipita miezi sita. Tena ilionekana kwamba jambo kubwa si miaka ambayo mbwa wale walikaa pamoja, bali jinsi walivyopatana. Na pale mwenye mbwa alipohuzunika sana, mbwa naye alionekana na huzuni zaidi. Ni kweli hayo ni maneno ya wenye mbwa, maana mbwa hawezi kuulizwa. Lakini watu wengi hivyo wakiona jambo moja, si vizuri kulipuuza.

Sasa, ndugu, kabla hatujasema "ni huzuni tu", kuna swali la kwanza: mwenzake alikufa na nini? Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu ugonjwa unaweza kufanana na huzuni.

Kwanza, sumu. Wezi hutupa nyama yenye sumu. Pengine mbwa amekula panya aliyekufa kwa dawa, au amelamba dawa ya kupe. Kama Simba alikufa hivyo, huenda Tomi alionja pia. Akitetemeka, akitapika au kutokwa na mate mengi, mfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mzoga uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima. Usitupwe kichakani wala mtoni.

Pili, kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kichaa huanza kwa kubadilika tabia: anakataa chakula, anajificha, au anakuwa mkali bila sababu. Baadaye anatokwa na mate, sauti inabadilika, anauma hata vijiti, anashindwa kumeza, na miguu inalegea. Kama Simba alionyesha dalili hizi kabla ya kufa, tusimkumbatie Tomi kumfariji. Afungiwe mahali salama, watoto wakae mbali, na afisa wa mifugo aitwe. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asingoje aone kama ataugua. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Tatu, ugonjwa wa kuhara damu ambao wengi huuita pavo. Huu huua sana watoto wa mbwa, na viini vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka.

Lakini kama Simba aligongwa na gari, au alikufa kwa uzee, na Tomi amechanjwa na hana dalili tulizotaja, basi huyo tunaweza kumsaidia kwa huzuni yake. Haihitaji pesa nyingi.

Chakula kiende kwa saa ile ile, mahali pale pale, na kwa mkono ule ule. Mbwa hupata utulivu siku ikienda kama alivyoizoea. Mpe kidogo kidogo. Ugali uliolainishwa kwa supu ya mifupa isiyo na vitunguu, au uliochanganywa na omena, huamsha hamu ya kula. Asipokula kwa nusu saa, kiondoe kisioze, ujaribu tena jioni. Maji yawepo daima. Lakini akipitisha siku mbili bila kula kitu, au akitapika, au akihara damu, hiyo si ya kungojea. Mwone daktari wa mifugo.

Mpe kazi na mwendo. Ukienda shamba au kuchota maji, mchukue kwa kamba. Wengi wetu huwafungia mbwa mchana kutwa. Kibanda kilichokuwa cha wawili, sasa amebaki ndani peke yake. Kwa wiki hizi za kwanza alale karibu na jikoni, mahali anaposikia sauti za watu. Gunia walilolalia libaki kwanza, isipokuwa mwenzake alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Hapo lichomwe.

Usimpige kwa sababu ya kulia. Kipigo hakiondoi huzuni, kinaongeza woga. Wala usimkimbilie na chakula kila akilia, maana atajifunza kulia ili apewe. Ngoja anyamaze, ndipo umwite na kumpapasa. Na kama Simba ndiye alikuwa akitangulia kubweka na Tomi akifuata, usishangae Tomi akiogopa giza. Atahitaji muda kujifunza kulinda peke yake.

Tusisahau watoto. Mtoto aliyecheza na Simba naye amefiwa. Asidanganywe ati Simba amesafiri. Aambiwe ukweli, aonyeshwe alipozikwa, na kama Tomi ni mzima, apewe kazi ya kumpelekea maji. Wawili hao watasaidiana.

Wengine huuliza: je, tulete mbwa mwingine upesi? Tusiharakishe. Ngojeni Tomi aanze kula na kulala vizuri. Mgeni asichukuliwe kwa mama yake kabla ya wiki nane, na chanjo ya kichaa apewe akifika miezi mitatu, kisha irudiwe kila mwaka. Wakutanishwe kwanza nje ya lango, kila mmoja na bakuli lake. Kama boma lilikuwa na pavo, msilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake za ugonjwa huo.

Sasa kikundi kinaingia wapi? Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Wataalamu wanasema ni lazima angalau mbwa 7 katika kila 10 wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Hesabu hiyo haiwezi kufanywa na afisa peke yake ofisini. Ni sisi tunaojua boma gani lina mbwa wangapi. Katibu akiandika orodha katika daftari moja, kikundi kinaweza kwenda kwa ofisi ya mifugo na kuomba siku ya chanjo kijijini. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni siku nzuri ya kuanzia kuuliza. Boma ambalo mbwa wake amechanjwa halitateseka sana na lile swali, "ni huzuni au ni kichaa?"

Kabla hatujaachana, tugawanyike watano watano tujadili:

1. Katika kijiji chetu, mbwa akilia usiku watu hufanya nini? Je, inasaidia?
2. Mbwa wangapi katika maboma yetu wamechanjwa mwaka huu?
3. Nani ataandika orodha, na nani ataenda kumwona afisa wa mifugo kabla ya mkutano ujao?

Tusiondoke bila majina mawili ya swali la tatu.