Onyiego, Alizeti na Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Mmea



Mtu atokaye Kisumu kwenda Maseno huona maua ya manjano kandokando ya barabara na katika nyua za miji. Hiyo ni alizeti mwitu, ambayo Waluo wengi huiita maua makech, yaani maua machungu. Akipita katika mashamba ya Seme au Kano, hutoka na vimbegu vyeusi vimeng'ang'ania nguo zake. Hivyo ni vya onyiego, ambao kwa Kiswahili huitwa kishona nguo. Mimea hii miwili, pamoja na alizeti ya mafuta na pareto ya milima ya Kisii, ni ya ukoo mmoja. Alama ya ukoo huo ni hii: kile kiitwacho ua moja kwa kweli ni baraza la maua madogo mengi yaliyokaa pamoja.

Lakini ndugu hawa hawakurithi mali sawasawa. Ndani ya kila chembe ya mmea mna nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, zisizoonekana ila kwa hadubini. Hizo ndizo zichukuazo urithi kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Mwanadamu anazo 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Alizeti ya mafuta ina 34, na alizeti mwitu vivyo hivyo. Onyiego wa kawaida una 72, yaani mafungu sita ya 12, badala ya mafungu mawili.

Mafungu hayo yalizidije? Desturi ni kwamba yai na chavua hupunguza hesabu kuwa nusu kabla ya kukutana. Mara chache upungufu huo hautokei, na mmea mchanga huzaliwa na mafungu ya ziada. Pengine mimea ya jamaa mbalimbali huzaana, na mtoto wao huwa tasa. Lakini kromosomu zake zikirudufika, kila moja hupata mwenzake, nao mmea hupata uzazi.

Mafungu mengi ni kama maghala mengi: moja likiharibika, jingine lipo. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba wingi peke yake ndio ushindi. Hesabu ya alizeti mwitu haifiki nusu ya ile ya onyiego, nayo imetapakaa pwani yote ya Ziwa tangu ilipoletwa kutoka pande za Mexico. Onyiego una silaha nyingine: mmea mmoja huweza kujichavusha wenyewe na kutoa maelfu ya mbegu, zenye miiba ya kushika nguo za watu na manyoya ya mbuzi.

Tena kuzidi huweza kuwa hasara. Pareto ya kawaida ina kromosomu 18, lakini ziko aina zenye 27, yaani mafungu matatu. Matatu hayagawanyiki sawasawa kwa mawili, kwa hiyo mbegu zake nyingi huwa tupu. Ndivyo zilivyo ndizi zetu nyingi, zenye kromosomu 33. Ndiyo sababu mkulima hupanda chipukizi, wala hatafuti mbegu ndani ya ndizi.

Basi, faida ya elimu hii kwa mwenye jembe ni ipi? Kwanza, onyiego ung'olewe kabla mbegu hazijakomaa, kwa maana siku chache za kuchelewa humzidishia mama wa nyumba kazi ya misimu mingi. Pili, mwenye pareto ya mafungu matatu aigawanye mashina na kuyapanda, asingoje mbegu. Tatu, alizeti mwitu isichomwe bure. Majaribio yaliyofanywa Kenya ya Magharibi katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba majani yake mabichi, yakifukiwa udongoni, huoza upesi na kuupa mhindi nitrojeni, fosforasi na potasi. Kazi ya kuyakata na kuyabeba ni nzito, lakini ua liko karibu na mlango.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimea nayo ina daftari lake, na mkulima alijuaye hapotezi jasho lake.