Taa ya sola ikizimika, tusikimbilie kuitupa



Leo tuko na maneno ya taa. Tangu tuvuke Ziwa Tanganyika kutoka kambi za Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, na kuanza upya huku Fizi, wengi wetu hatuna nguzo ya umeme mbele ya nyumba. Tuko na paneli ndogo juu ya paa, betri ya volti 12 na taa za LED. Zikizimika, mtoto anasoma na mshumaa, na mshumaa ndani ya nyumba ya nyasi ni hatari, hiyo munaijua. Basi kila mkutano mtu anasimama kuomba mfuko umununulie taa ingine. Sisi wa komite tunasema: mfuko hauwezi, na mara nyingi haina lazima.

Kwanza, taa iliyozimika ifungeni pahali pa taa inayowaka. Ikiwaka pale, taa ni nzima. Ugonjwa uko kwa waya, swichi ao fyuzi. Isipowaka, geuzeni waya, nyekundu pahali pa nyeusi, kwa sababu LED inapitisha umeme upande moja tu. Taa inayopepesa mara nyingi ni waya umelegea, ao ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya betri. Futeni, kazeni tena. Na fyuzi ikikatika, tafadhali, hakuna kuweka musumari! Inakatika ili nyumba isiungue. Tafuteni kwanza pahali waya zinagusana.

Sasa tuje kwa taa yenyewe. Fungueni kifuniko, muangalie vile vidoti vya manjano. Vingi vya taa hizi vimefungwa tatu-tatu kwa mustari moja pamoja na rezista. Kidoti kimoja kikifa, vyote vitatu vinazimika, ingawa viwili bado ni vizima. Kilichokufa mara nyingi kina alama nyeusi katikati. Fundi anaweza kukitoa na kulehemu kingine kutoka taa mbovu ya namna ileile. Lakini asichukue kidoti cha ampuli ya genereta, ile ya volti 220: vingi vyake vina volti zingine.

Watu wanauliza kwa nini taa mpya inakufa mbio. Hii ndiyo tunataka musikie vizuri. Kila kidoti cheupe kinakula karibu volti 3, vitatu ni 9, na rezista inabaki na 3 kufikia 12. Lakini betri inayochajiwa na jua inafika volti 14 na zaidi. Rezista sasa inabeba zaidi ya 5, na umeme unaopita ndani ya vidoti unakaribia mara mbili. Taa ikiwaka mchana wakati betri inachajiwa, inachemka. Na mwenye kufunga taa moja kwa moja kwa paneli, bila betri na regulateri, anaipa volti 18 ao 20. Hiyo haiwezi kuishi. Muuzaji hatakuambia.

Kwa hiyo, ukinunua, soma mgongoni. Penye maandishi "12V" tu, jua ni ya rezista. Penye "10-30V", ndani muna kidude kinachopima umeme wenyewe, betri ipande ishuke. Bei yake iko juu kidogo, ndiyo, lakini tunapenda tununue moja ya hiyo kuliko tatu za bei ndogo.

Kwenu wafadhili tunaomba vilevile: mukituma pesa ya taa, mutuache tununue chache za namna hiyo. Na kabla ya taa, tunahitaji testa moja ya kupima volti, chuma cha kulehemu na waya ya risasi.

Vyombo vitakaa kwa mtunza mali. Anayehitaji testa ataandika jina kwa daftari na kuirudisha kesho yake. Kulehemu kutafanywa na fundi tu, wakati waya imetolewa kwa betri. Kwa mkutano unaokuja leteni taa zote mbovu, hata zile zilizokufa kabisa. Hizo ndizo zitatupa vidoti.