Fyuzi Kando ya Betri: Mada kwa Manahodha na Mafundi Umeme wa Boti za Starehe



Nimeombwa nizungumzie usalama wa mfumo mzima wa umeme botini. Ya mwanzo nitayapitia haraka, kwa kuwa mnayajua. Boti nyingi za kuvua na kutembeza wageni, kuanzia Mtwapa hadi Watamu na Malindi, hutumia volti 12 kutoka kwenye betri inayochajiwa na altaneta ya injini au paneli za sola. Chache zina pia volti 230 za inveta, jenereta au za gatini. Volti 230 zinaua, na lazima zipitie kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30. Kuhusu hilo sijawahi kubishana na fundi yeyote. Zinazodharauliwa ni volti 12, kwa sababu hazimrushi mtu. Nizungumzie hizo.

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kumwaga zaidi ya ampea 1,000. Waya wa milimita 2.5 za mraba, tunaofungia taa na pampu, ninaukadiria kwa ampea 20 tu ndani ya chumba cha injini. Boti inatikisika kutwa nzima. Siku moja ganda la waya chanya linachubuka na shaba inagusa bloku ya injini, ambayo imeungwa na hasi. Mkondo ukizidi mara 10, joto linalozalishwa kwenye waya huzidi mara 100. Kabla nahodha hajageuka kutazama, plastiki imeshayeyuka, na waya huo umefungwa pamoja na wenzake jirani na mpira wa petroli. Kuzima swichi ya usukani hakusaidii, kwa maana shoti iko kati ya betri na swichi.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Wengi wanaihesabu kuwa mlinzi wa redio au wa mtambo wa kutafutia samaki, ndiyo maana wanaiweka nyuma ya kifaa, mita tano kutoka kwenye betri, na mita zote hizo tano zinabaki bila ulinzi. Viwango vya ABYC, baraza la boti na yoti la Marekani, vinataka iwe ndani ya inchi 7 kutoka chanzo cha umeme. Waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri na kupita ndani ya bomba la kuukinga huruhusiwa hadi inchi 72. Waya wa stata umesamehewa fyuzi, na si bure. Mkondo wake wa kuwashia injini ni mkubwa mno. Lakini msamaha huo umegeuzwa kichaka. Nafungua sanduku la betri nakuta waya sita au saba zimerundikwa kwenye nati moja pamoja na wa stata, hakuna hata mmoja wenye fyuzi. Nimeandika hivyo katika ripoti mwaka hadi mwaka. Jibu la mwenye boti ni kwamba chombo kimetembea siku zote hizo bila shida.

Simlaumu nahodha anayeziba pengo la fyuzi kwa msumari au karatasi ya sigara. Ana wageni, maji yanajaa ngama, pampu imekufa, na yuko nje ya mwamba. Ubaya ulianza dukani, kwenye kishikio cha bati cha fyuzi ya kioo. Chumvi inakila, mguso unalegea na kupata moto, fyuzi inakatika ilhali pampu haina kosa. Tukibadilisha kishikio, msumari hautahitajika.

Sisemi kwa niaba ya mamlaka yoyote, wala sidai kwamba kanuni zilizopo hazifai. Ila fomu za ukaguzi zilizopita mikononi mwangu ziliuliza majaketi ya kuokolea na vizima-moto, na hazikuuliza swali hata moja kuhusu fyuzi ya betri.

Mapendekezo

Kila waya chanya unaotoka kwenye betri, isipokuwa wa stata, uwe na fyuzi ndani ya inchi 7. Ukubwa wa fyuzi ufuate waya, si kifaa. Anayebadilisha ya 15 kwa ya 40 ameondoa fyuzi.

Pampu ya ngama iungwe kabla ya swichi kuu ili ifanye kazi boti ikiwa imefungwa, lakini iwe na fyuzi yake.

Vishikio viwe vya aina isiyopitisha maji. Waya ziwe za shaba iliyopakwa bati, terminali zibanwe kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu kukome.

Betri ifungwe isicheze, vichwa vyake vifunikwe, na sanduku lipate hewa. Haidrojeni inayotoka kwenye betri ikichajiwa hupanda juu, na huweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Mvuke wa petroli, kinyume chake, hutuama chini, kwa hiyo feni ya chumba cha injini iendeshwe dakika 4 kabla ya kuwasha.

Wageni wasiache simu na kamera zikichajiwa usiku bila mtu wa zamu. Boti ya wazamiaji Conception iliungua California tarehe 2 Septemba 2019 na watu 34 wakafa. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini umeme wa chombo na betri za lithiamu vilikuwa miongoni mwa vilivyodhaniwa.

Wenye lithiamu watumie fyuzi ya daraja T, inayoweza kukata ampea 20,000, hiyo nayo ikae kando ya betri.

Kila boti ibebe fyuzi za akiba za kila ukubwa uliomo, ndani ya kopo lisiloingia maji, na nahodha ajue ipi ni ya wapi.

Wakaguzi waongeze mstari mmoja kwenye fomu: je, kuna fyuzi ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri? Wafungue sanduku na kupima kwa rula, wasikubali kuambiwa.