Baraza la Mji Wakati wa Mgomo
(Hotuba kwa wajumbe na wananchi wa Sake)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ambayo watu wengi huidharau: kuwapasha wananchi habari za baraza wakati wafanyi kazi wamegoma. Wako wanaodhani ni kazi ya karani mwenye maneno matamu. Mimi nasema ni kazi ya kuokoa roho za watu, na nitaeleza kwa nini.

Tazameni mahali tulipo. Sake ni njia panda. Barabara ya Goma, ya Minova, ya Kitshanga, na ya Masisi iendayo Rubaya na Walikale, zote hukutana hapa karibu na ziwa. Wachimbaji wa koltani wakiweka sururu chini huko milimani, sisi twajua kabla jua halijatua. Maharagwe hayauziki, pikipiki zasimama, deni la dukani halilipwi. Na jioni ile ile redio trotwari huanza kusema. Ati kampuni imekubali. Ati askari wako njiani. Ati wazee wa baraza wamekula fedha. Baraza likikaa kimya mpaka Jumatatu, nani atawaambia watu neno jingine wakaliamini?

Mnakumbuka Septemba 2010, Rais alipofunga uchimbaji wote wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, asiufungue mpaka Machi 2011. Ule haukuwa mgomo, lakini sururu zililala miezi sita. Amri ilitoka mbali, Kinshasa. Lakini mtu mwenye njaa hamwulizi aliye Kinshasa, humwuliza mzee anayekutana naye njiani.

Sasa twende Nairobi, maana huko baraza la mji lenyewe lilipata fundisho. Machi 1950 mji ule ulipewa hati ya kuwa jiji, na ndugu yake Mfalme wa Uingereza akaja kuikabidhi. Sherehe kubwa ikatangazwa. Mfanyi kazi Mwafrika, ambaye mshahara wake haukutosha chumba na chakula, akaambiwa na yeye afurahi! Wengine wakaogopa kwamba mipaka ya jiji itapanuliwa imeze mashamba yao. Chama kikuu cha wafanyi kazi, cha Makhan Singh na Fred Kubai, kikawaambia watu wasusie sherehe. Tarehe 15 Mei mabwana hao wawili wakakamatwa, na kesho yake mgomo ukaanza, ukadumu zaidi ya wiki moja. Baraza lile halikukosa karatasi wala wino. Lilitangaza furaha yake mbele ya watu waliokuwa wakiuliza habari za kodi ya nyumba na shamba. Naona afadhali lingenyamaza.

Miaka mitatu kabla ya hapo, 13 Januari 1947, watu kama 15,000 waligoma Mombasa: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata maboi wa majumbani. Walikusanyika uwanja wa Kiembeni, na huko ndiko walikopata habari zao, kwa vinywa vya watu wao wenyewe, kama Chege Kibachia. Aliyewashawishi warudi kazini ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Hakuwaita ofisini. Alikwenda uwanjani walipokuwa, akawaambia kwamba madai yao yatasikilizwa na tume. Tume ikakaa kweli, na wengi wakaongezewa mshahara. Lakini Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa akapelekwa mbali, Baringo. Mwananchi aliyeamini ahadi ya Januari, baada ya hapo angeamini ahadi gani tena?

Na kwetu Kongo? Wachimbaji hawahitaji kukumbushwa, ila vijana nawaambia. Wakati wa vita vile vikubwa bei za vitu zilipanda, na wafanyi kazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 walikuwa katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, wakingoja jibu. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, na watu makumi pamoja naye. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazijapatana mpaka leo. Ndipo linapofika baraza au serikali ikiwa neno lake limekwisha thamani: hata idadi ya maiti haisadikiwi.

Basi wajumbe wafanye nini siku ya mgomo? Wachague mtu mmoja wa kusema, watu wasisikie maneno matano kutoka vinywa vitano. Aende sokoni na kwenye maegesho ya malori, aseme Kiswahili. Karatasi ya Kifaransa iliyogandishwa mlangoni pa ofisi haimsaidii mwenye kuchimba. Aseme lipi baraza linajua, na alijua lini. Kama kampuni haijajibu, aseme haijajibu. Asiwaite wagomaji wahuni, maana ni watoto wa mji huu na kesho watakuwa mlangoni kwake. Wala asiwe kinywa cha kampuni. Kampuni ina kinywa chake. Na aeleze wazi kipi kisichosimama: maji, zahanati, njia ya wagonjwa kwenda Goma. Haya wagomaji wenyewe watayalinda wakiombwa kwa heshima.

Limebaki gumu. Pengine waliogoma ni watu wa baraza lenyewe, wafagiaji wa soko na walinzi, ambao hawakulipwa. Hapo msemaji wa baraza hawezi kujishuhudia. Kitabu cha mishahara kiwekwe mezani, mweka hazina akisome pamoja na mjumbe wa wagomaji, na hesabu waliyoikubali wote wawili ibandikwe langoni pa soko asubuhi, kabla mama wa kwanza hajatua kapu lake.