WIMBO WA BAHARINI NA MAJI YA MARA

Neno la Siku ya Yubile
Somo: Kutoka 15:1–27



Siku kama ya leo ni rahisi kuhubiri juu ya wimbo. Waisraeli walivuka Bahari ya Shamu, jeshi la Farao likazama, na Musa akaimba pamoja na watu. Miriamu akashika tari, wanawake wakamfuata wakicheza. Hiyo ilikuwa kwaya kama yetu. Lakini tusifunge Biblia hapo. Katika sura hiyohiyo, kuanzia mstari wa 22, walitembea siku tatu bila maji. Walipoyapata kule Mara yalikuwa machungu, nao wakamnung'unikia Musa. Siku tatu tu! Midomo iliyoimba ndiyo iliyonung'unika.

Sisi wa Tongaren tunalielewa jambo hili. Baada ya uhuru wa 1963, wazee wetu waliingia kwenye skimu, katika ardhi iliyokuwa ya masetla. Kuhama kulikuwa kwa siku moja. Kung'oa magugu, kujenga, kulima mahindi na kulipa mkopo wa shamba kulichukua miaka. Wokovu haulipiwi, Kristo amekwisha kulipa. Lakini magugu ya moyoni hayang'oki siku ile unayookoka. Hapo ndipo ukuaji unapoanza.

Kwanza, peleka uchungu wako kwa Mungu. Watu walimnung'unikia Musa, lakini Musa alimlilia Bwana, naye akaonyeshwa mti uliofanya maji yawe matamu. Mimi nilishindwa hapo. Mwaka mmoja, wimbo niliozoea kuongoza ulipewa mwingine. Nikakaa nyumbani Jumapili tatu nikisingizia mafua, nikilalamika kwa kila mtu isipokuwa kwa Mungu. Mama mmoja wa sauti ya pili akaja kuniona. Hakunihubiria. Tulikunywa chai, na alipokuwa akiondoka akauliza, "Mwanangu, kwani ulikuwa unamwimbia nani?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilirudi, nikasimama mstari wa nyuma. Hapo nyuma nilijifunza kuomba kuliko nilivyowahi kujifunza mbele.

Pili, okota mana ya leo. Katika sura ya 16, mana iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka. Ni ile ya Sabato tu iliyokaa salama. Ndugu mwanakwaya, kombe tulilolishinda zamani halilishi roho yako asubuhi ya leo. Usiende mazoezini ukijua sauti yako lakini hujafungua Neno tangu Jumapili.

Tatu, usirefushe jangwa. Kumbukumbu la Torati 1:2 inasema kwamba kutoka Horebu mpaka Kadesh-barnea ni safari ya siku 11. Walifika mpakani, lakini kwa kutokuamini wakarudishwa jangwani mpaka miaka 40 ikatimia. Je, kuna jambo ambalo ungelimaliza kwa siku 11, nawe umelibeba miaka? Deni la maneno? Salamu uliyoikataa mlangoni mwa kanisa?

Kwaya yetu imefikisha miaka 50. Katika Mambo ya Walawi 25, mwaka wa 50 mtumwa aliachiliwa na kila mtu akarudi kwa jamaa yake. Wako waliovaa sare hii wakaondoka kwa uchungu. Wengine wamekaa nasi hapa leo, viti vya nyuma. Kabla keki haijakatwa, nendeni mkawashike mkono. Msiwaulize walikuwa wapi. Waambieni mazoezi yanaanza saa ngapi.

Baada ya Mara, Waisraeli walifika Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Aliyerudi nyuma pale Mara asingeiona Elimu. Tusonge mbele pamoja.

Mungu aibariki kwaya yetu. Amina.